Kwani Lazima Awe Jasusi?

Ukipewa kazi ya kuandika kuhusu mtu aliyekaa benchi miaka 15, utafanyaje ili msomaji asilale ukurasa wa nne? Nimemaliza wiki kadhaa nikisoma vitabu na kutazama filamu kuhusu wadakaji wa akiba wa besiboli ya Marekani, na nimeona kwamba waandishi karibu wote wana dawa moja: mtafutie kazi nyingine. Mfanye jasusi. Mfanye mchekeshaji. Ikishindikana, mpe usiku mmoja wa ajabu unaofuta miaka yote iliyotangulia.

Dawa hiyo inauza, sikatai. Shida ni kwamba inamponya msomaji na kumuua mgonjwa. Ukifika mwisho wa kitabu unajua kila kitu kuhusu huyo jamaa isipokuwa kazi aliyokuwa akiamkia kila asubuhi. Na mimi naona hiyo kazi ndiyo sehemu tamu zaidi ya hadithi, ila tu ni ngumu kusimulia.

Wacha nieleze mchezo kwanza, manake wengi wetu tulilelewa na kandanda, na besiboli tunaionea tu kwenye filamu. Mrushaji anasimama katikati na kumrushia mpigaji mpira. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mtu aliyevaa barakoa ya chuma, kinga ya kifua na glavu nene. Huyo ndiye mdakaji. Wenzake wote uwanjani wanamtazama yeye, naye peke yake anawatazama wao. Ndiye anayempendekezea mrushaji mpira wa aina gani urushwe. Zamani alifanya hivyo kwa ishara za vidole katikati ya mapaja, na tangu 2022 timu za Ligi Kuu zinaweza kutumia kifaa kidogo cha vitufe. Anadaka mirusho zaidi ya mia moja kwa mechi. Ile inayogonga ardhi anaizuia kwa mwili. Mrushaji akianza kupaniki, ni yeye anayeinuka, anatembea hadi pale katikati na kumwambia neno.

Magoti ya binadamu hayakuumbwa kwa kazi hiyo mara 162, ambayo ndiyo idadi ya mechi za msimu mmoja. Ndiyo maana kila timu hubeba wadakaji wawili. Yule wa pili hupewa siku ambazo wa kwanza anapumzika, na kwa desturi siku yake ni mechi ya mchana inayofuata mechi ya usiku, wakati miili bado imechoka. Hapo pia kuna kinaya. Kwa kuwa wako wawili tu, kocha huogopa kumwingiza yule wa akiba hata pale angemfaa, kwa sababu yule mwingine akiumia hatabaki mtu wa kudaka. Yaani anawekwa nje kwa sababu anahitajika sana.

Kama wewe ni wa kandanda, labda umeshamfikiria Scott Carson, kipa aliyekuwa Manchester City kuanzia 2019 hadi 2025, akacheza mechi mbili na kuondoka na rundo la medali. Mtandaoni alikuwa meme ya kudumu: mshahara wa bure, kazi rahisi kuliko zote duniani. Utani huo ndio unaozaa vitabu ninavyovizungumzia hapa. Tunaamini kwamba mtu wa akiba ni mtu anayengoja. Sasa kama alikuwa anangoja tu, basi ni lazima hadithi itafute kitu alichokuwa anakingoja.

Tuanze na Moe Berg, kwa sababu ndiye anayependwa na kila mtu. Berg alizaliwa New York mwaka 1902, akasoma Princeton, kisha akapata shahada ya sheria Columbia huku akicheza besiboli. Alijua lugha nyingi kiasi kwamba wenzake walikuwa na utani kuwa anaongea lugha zote hizo na hawezi kupiga mpira kwa hata moja. Alicheza misimu 15 katika Ligi Kuu, kuanzia 1923 hadi 1939, jumla ya mechi 663, akiwa na homurani 6 na wastani wa 0.243. Homurani ni ule mpira unaopigwa ukavuka ukuta na kutoka nje ya uwanja. Wachezaji wakubwa hupiga 40 kwa msimu mmoja. Berg alipiga 6 maisha yake yote. Katika mwaka wake wa mwisho aliingia uwanjani mara 14 tu.

Kisha vita vikaja, na shirika la ujasusi la Marekani, OSS, likamchukua. Desemba 1944 alitumwa Zurich akiwa na bastola kwenda kumsikiliza mwanafizikia Werner Heisenberg akitoa mhadhara. Amri ilikuwa kwamba akishawishika kuwa Wajerumani wanakaribia kupata bomu la nyuklia, ampige risasi. Alisikiliza, akaona hawajakaribia, akamwacha mtu aende zake.

Sasa mpe mtu hadithi kama hiyo uone kama ataandika kuhusu benchi! Kitabu cha Nicholas Dawidoff cha 1994, *The Catcher Was a Spy*, kinajitahidi kuliko vingi. Dawidoff ana shaka na ngano nyingi zilizomzunguka Berg, na haogopi kuandika kuhusu ile miongo baada ya vita ambapo mtu huyu hakuwa na kazi ya kudumu na aliishi kwa kaka yake, kisha kwa dada yake. Lakini filamu ya 2018 yenye jina hilo hilo, iliyoongozwa na Ben Lewin huku Paul Rudd akiwa Berg, haina subira hiyo. Besiboli humo ni kama koti analovua mlangoni kabla ya kuingia kwenye hadithi yenyewe. Miaka 15 imekuwa utangulizi wa chumba kimoja pale Zurich.

Halafu kuna jambo ambalo linanifanya nione kuwa watengenezaji wa filamu walitazama mahali ambapo hapakuwa na hazina. Mwaka 1941, kabla ya ujasusi wowote wa OSS, Berg aliandika insha katika jarida la *The Atlantic Monthly* iliyoitwa "Pitchers and Catchers". Hapo alikuwa na nafasi ya kujieleza. Hakujieleza. Aliandika kuhusu kazi: jinsi mrushaji na mdakaji wanavyojaribu kumsoma mpigaji, jinsi mpigaji naye anavyojaribu kuwasoma wao, na jinsi uamuzi mmoja unavyotegemea kumbukumbu ya mirusho yote iliyotangulia. Insha hiyo haihusu maisha yake, ila ni yeye kila mstari. Unamwona mtu aliyekaa miaka mingi pembeni akitazama, na kutazama kwenyewe kukawa maarifa. Huyo mtu aliyeandika insha hiyo ndiye niliyemtaka kwenye filamu. Badala yake nikapewa bastola.

Mtu wa pili ni Bob Uecker, na hapa nakiri nina mapenzi. Uecker alizaliwa Milwaukee mwaka 1934 na akacheza Ligi Kuu misimu 6 tu, kuanzia 1962 hadi 1967. Wastani wake ni 0.200 kamili, yaani anapogonga mara mbili anakosa mara nane. Mwaka 1964 timu yake, St. Louis Cardinals, ilichukua ubingwa wa World Series. Yeye hakucheza hata dakika moja ya fainali hizo, kwa sababu Tim McCarver alidaka mechi zote saba. Kinachokumbukwa kumhusu ni kwamba kabla ya mechi alichukua tarumbeta kubwa la bendi, lile liitwalo tuba, akaanza kudakia mipira kwenye mdomo wake.

Baada ya kustaafu, Uecker aligeuza kushindwa kuwa shamba akalima miaka zaidi ya hamsini. Alikuwa mtangazaji wa redio wa Milwaukee Brewers kuanzia 1971 hadi msimu wa 2024, na alifariki Januari 2025. Alikuwa mgeni wa mara kwa mara kwenye kipindi cha Johnny Carson, akatangaza bia kwenye televisheni, akaigiza mtangazaji mlevi katika filamu *Major League* ya 1989. Mwaka 1982 akatoa kitabu pamoja na Mickey Herskowitz, *Catcher in the Wry*. Utani wake mmoja ni kwamba mchango wake mkubwa katika ubingwa wa 1964 ulikuwa ni kuugua homa ya ini. Mwingine, unaojulikana kuliko yote, ni kuhusu namna ya kudaka nakoboli: subiri mpira uache kubingirika, kisha uokote.

Huo utani wa nakoboli ndio nataka tukae nao kidogo, kwa sababu ndani yake kumezikwa hadithi nzima.

Nakoboli ni mrusho wa ajabu. Mrushaji anashika mpira kwa ncha za vidole na kuusukuma bila kuuzungusha, ukawa unayumba hewani kama karatasi kwenye upepo. Mpigaji hajui unaenda wapi. Mdakaji hajui. Mrushaji mwenyewe hajui. Timu nyingi hazikuupenda kwa sababu mipira mingi humpita mdakaji, na wapinzani wakaiba hatua. Mwaka 1967 Uecker alihamishiwa Atlanta Braves katikati ya msimu na kukutana na mrushaji aliyeitwa Phil Niekro, ambaye silaha yake kuu ilikuwa nakoboli. Msimu huo, ligi nzima ya National, hakuna mdakaji aliyepitwa na mipira mingi kuliko Uecker: 27. Ukitazama namba hiyo peke yake, ni fedheha. Na Uecker mwenyewe aliiuza kama fedheha kwa maisha yake yote, watu wakacheka.

Sasa tazama namba nyingine ya mwaka huo huo. Niekro alimaliza msimu wa 1967 na wastani wa pointi 1.87 alizoruhusu kwa kila mechi kamili, kiwango bora kuliko cha mrushaji yeyote wa National. Alikuja kushinda mechi 318 na kuingia Jumba la Mashujaa wa Besiboli, Cooperstown, mwaka 1997. Na Niekro alisema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba Uecker alikuwa mtu muhimu katika safari hiyo, kwa sababu alimwambia arushe nakoboli bila woga, na kazi ya kuidaka amwachie yeye.

Soma tena zile namba mbili zikiwa pamoja. Ile 27 si orodha ya makosa. Ni bei. Kuna mtu alikubali rekodi yake ichafuke ili mwenzake awe na ujasiri wa kurusha mpira ambao ulikuwa wake kweli. Kila mpira uliompita Uecker ulikuwa na maana kwamba Niekro hakubadilisha mrusho kwa kuogopa. Baada ya msimu huo, Uecker hakucheza tena Ligi Kuu. Niekro aliendelea kurusha hadi 1987.

Hapo ndipo nina ugomvi na Uecker mwandishi, ingawa Uecker mtu nampenda. Utani wake ulimpa maisha, na sina haki ya kumnyima. Lakini kila alipoutoa, alikuwa anatupa jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya kwa glavu. Mtu wa akiba akijicheka kwanza, anatupunguzia kazi ya kumwelewa. Tunamshukuru kwa hilo, tunamjengea sanamu. Kwenye uwanja wa Brewers, sanamu yake moja imewekwa kwenye safu ya mwisho kabisa ya viti, kule juu, kufuatana na tangazo lake la bia. Inachekesha kweli. Sijaona sanamu ya mtu akifuata mpira wa 27.

Filamu iliyokaribia kuelewa jambo hili ni *Bull Durham* ya 1988. Ron Shelton, aliyeiandika na kuiongoza, alicheza ligi ndogo miaka kadhaa bila kufika Ligi Kuu, na inaonekana. Kevin Costner ni Crash Davis, mdakaji mkongwe aliyewahi kukaa Ligi Kuu siku 21 tu, na sasa anatumwa Durham kumlea mrushaji kijana mwenye mkono wa radi na akili ya kuku. Kijana akikataa ishara zake, Crash anamnong'oneza mpigaji mpira gani unakuja, na mpira unapigwa hadi mbinguni. Ni somo la ukatili, la kuchekesha, na la kweli. Halafu kijana anaitwa Ligi Kuu, na papo hapo timu inamwachisha Crash kazi. Alikuwa ameajiriwa kwa ajili ya mkono wa mwingine. Mkono umeondoka, naye aondoke.

Kama filamu ingekuwa na ujasiri wa kuishia karibu na hapo, ningeiita kamilifu. Lakini hata Shelton anashindwa kumwacha mikono mitupu. Crash anapewa rekodi ya homurani 247 za ligi ndogo, anapewa mwanamke, anapewa matumaini ya kuwa kocha. Rekodi haina mtu anayeishangilia, na huo ni ujanja mzuri wa mwandishi. Bado ni fidia. Bado kuna mtu chumba cha uandishi aliyesema: jamani, tumpe kitu.

Na David Ross alipewa kila kitu. Ross alicheza misimu 15, kuanzia 2002 hadi 2016, mingi akiwa wa akiba, na Cincinnati walimwachia mwaka 2008. Alikuwa mdakaji binafsi wa Jon Lester, mrushaji mkubwa wa Chicago Cubs. Tarehe 2 Novemba 2016, mechi ya saba ya World Series kule Cleveland, Cubs wakiwa hawajachukua ubingwa kwa miaka 108, Ross aliingia raundi ya tano pamoja na Lester. Akarusha mpira vibaya. Kisha mrusho wa Lester ukadunda, ukamgonga kwenye barakoa, na wapinzani wakapata pointi mbili. Raundi iliyofuata, akiwa na miaka 39 na katika mechi ya mwisho ya maisha yake, alipiga homurani dhidi ya Andrew Miller. Cubs walishinda 8–7 na wenzake wakambeba mabegani. Mwaka uliofuata akatoa kitabu na Don Yaeger, *Teammate*, na akacheza dansi kwenye televisheni.

Ni hadithi tamu, na kitabu kinajua hivyo. Lakini jiulize: kama ule mpira ungefika ukutani ukashuka kwenye glavu ya mtu, Ross angekuwa mchezaji tofauti? Misimu 15 ya kumsoma kila mrushaji, ya kumtuliza Lester, ya kudaka mechi za mchana huku mgongo ukiuma, ingepungua thamani? Kitabu kinasema la, thamani ni katika kuwa mwenza mzuri. Jina lake linasema hivyo. Ila hakuna mchapishaji angelinunua jina hilo bila ile homurani. Ushahidi ni wa hoja moja, tikiti ya kuingilia ni ya hoja nyingine.

Mtu atanijibu: wewe unataka nini sasa? Hadithi lazima iwe na tukio. Huwezi kuandika kurasa 300 za mtu aliyechuchumaa. Na zaidi ya hapo, mbona tuwahurumie? Mshahara wa chini kabisa wa Ligi Kuu mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000.

Hoja ya pesa naikubali. Sitaki mtu aje aniambie nimemlinganisha mdakaji wa akiba wa Boston na msee wa mjengo. Ila kumbuka wengi wao hutumia miaka mingi chini kabla ya kuonja hizo dola. Kabla ya mkataba wa wachezaji wa ligi ndogo wa 2023, mshahara wa chini wa Triple-A, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu, ulikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Mkataba uliupandisha hadi 35,800. Erik Kratz alichaguliwa mwaka 2002, akafika Ligi Kuu mwaka 2010 akiwa na miaka 30, kisha akazunguka timu moja baada ya nyingine hadi 2020, alipomalizia New York Yankees akiwa na miaka 40.

Hoja ya tukio siikubali. Matukio yapo, ila yanatokea kati ya watu wawili, na sisi tumezoea kuhesabu mmoja. Katika huo msimu wake wa mwisho, Kratz aliulizwa na waandishi kuhusu warushaji vijana wa Amerika ya Kilatini kama Deivi García, mvulana wa miaka 21 kutoka Jamhuri ya Dominika. Alianza kujibu na machozi yakamtoka. Hakuwa amepiga homurani. Hakuwa ametumwa Zurich. Alikuwa anaeleza vijana aliowadakia. Hapo kuna riwaya nzima, na haina haja ya bastola.

Hata hesabu zimeanza kuona. Kwa miongo mingi, namna mdakaji anavyoupokea mpira ulio mpakani ili refa auhesabu kuwa halali, ilikuwa ni porojo za makocha wazee. Kisha kamera zikaanza kupima kila mrusho, na mwaka 2011 mchambuzi Mike Fast akachapisha uchambuzi katika *Baseball Prospectus* ulioonyesha kwamba mmoja wa mabingwa wa sanaa hiyo ni José Molina, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kama wa akiba. Glavu yake ilikuwa inaokoa pointi nyingi kila mwaka na hakuna safu ya takwimu iliyokuwa na nafasi ya kuziandika. Molina hakubadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni kwamba mtu alitengeneza kipimo. Uhakiki nao ungeweza kufanya hivyo, kama tungeacha kuuliza "halafu akawa nani?" na kuanza kuuliza "alikuwa anafanya nini?"

Swali hilo la kwanza nalijua vizuri. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Tangu hapo nimegundua kuna hadithi moja tu inayoruhusiwa kuhusu mtu kama mimi, na watu huniletea kama zawadi: Bill Gates aliacha Harvard. Zuckerberg aliacha Harvard. Wanamaanisha vizuri. Lakini sikiliza mantiki yake: maisha yako ya sasa ni deni, na yatasamehewa siku utakapokuwa bilionea. Usipokuwa bilionea, basi ulikuwa unapoteza muda. Hakuna anayeniuliza wiki hii nimefanya nini.

Wiki hii nimehariri profaili ya kampuni, nimeandika manukuu ya video za mtu mwingine, na nimeandika hotuba ya mazishi ambayo jina langu halipo. Mwenye kuisoma aliniambia watu walilia mahali pale ambapo mimi pia nilisimama kidogo nilipokuwa naiandika. Alipongezwa yeye, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa, baba alikuwa wake. Sioni kama nilikuwa nangoja kitu. Nilikuwa kazini. Wengi wenu mnaosoma hapa mko hivyo hivyo: mnashika zamu za wenzenu, mnatengeneza slaidi ambazo bosi atazisoma kama zake, mnawafunza interni ambao mwakani watakuwa juu yenu. Mitandao inawaambia kaza, siku yako inakuja. Labda inakuja. Lakini leo pia ni siku, na kuna mtu anarusha vizuri kwa sababu uko nyuma ya mpigaji.

Sitaki kuligeuza hili kuwa wimbo wa kuvumilia. Kuna benchi la dhuluma, na mtu aliyewekwa pale kwa jina la ukoo wake ama kwa kukosa mtu wa kumpigia simu ana haki ya kupiga meza. Crash Davis alikuwa na haki ya kupiga meza. Ninachokataa ni ile simulizi inayomheshimu mtu kwa sharti kwamba kwanza aache kuwa alivyo. Tukiendelea hivyo tutakuwa na maktaba iliyojaa majasusi, wachekeshaji na mashujaa wa usiku mmoja, na hatutakuwa na kitabu hata kimoja kuhusu kazi ambayo watu wengi zaidi wanaifanya.

Kitabu ninachokitaka mimi kingeanza Atlanta, kiangazi cha 1967. Mrushaji mmoja ana mpira ambao yeye mwenyewe hajui utaenda wapi. Mdakaji mmoja, ambaye ajira yake katika Ligi Kuu imebakiza miezi tu, anamwambia aurushe hivyo hivyo. Unarushwa. Unampita. Anavua barakoa, anakimbia hadi ukutani, anaurudisha, anachuchumaa, na anaomba mwingine wa aina ile ile.